Mtoto Akitoka Damu Puani

Ilikuwa mwezi wa sita, siku chache kabla ya mitihani, yapata saa nne ya asubuhi. Huku kwetu Katanga majira hayo ni kiangazi: majani yamekauka, baridi ya usiku inauma, na upepo wa mchana unapeperusha vumbi jekundu kutoka barabarani hata ndani ya madarasa. Tulikuwa tumewapa wanafunzi mgongo, tukiandika hesabu ubaoni, mara tukasikia makelele nyuma yetu. Mtoto mmoja wa miaka tisa alikuwa amesimama penye dawati lake, viganja vyake vimejaa damu, na damu nyingine ikidondoka juu ya daftari. Wadogo wakaanza kulia. Wakubwa wakapaza sauti: “Mwalimu, anakufa!”

Yatupasa kusema kweli. Sisi tuliosoma miaka mingi, tuliojua kutaja mito ya Afrika na kunyambua vitenzi vya Kilatini, siku ile hatukujua la kufanya. Tukafanya lile tuliloliona likifanywa na wazee wetu tangu utoto. Tukamlaza mtoto chali juu ya benchi, tukamwinua kidevu, tukammwagia maji ya baridi kichwani, tukamtia pamba katika tundu za pua. Damu ikaonekana kukoma. Tukajisifu moyoni, tukarudi ubaoni.

Haikupita nusu saa mtoto akaketi ghafula, akatapika damu nyingi, nyeusi, yenye mabonge. Wakati uleule mama yake akafika, kwa maana tulikuwa tumetuma mtu kumwita sokoni. Alipoiona damu ile akajitupa chini: “Mwalimu, mwanangu amelishwa sumu! Nani amemlisha?” Watu waliokusanyika madirishani wakaanza kutazamana, kisha macho yao yakaenda langoni, alipoketi bibi mmoja mzee awauziaye watoto karanga. Mmoja akasema kwa sauti ndogo: “Asubuhi nilimwona mtoto huyu akinunua kwake.” Neno dogo hilo likapita kutoka kinywa hata kinywa, na kila lilipopita likaongezeka ukubwa.

Kwa heri, dispanseri si mbali. Tukambeba mtoto, mama akitufuata na nusu ya mtaa nyuma yake. Mwuguzi aliyetupokea hakupiga kelele wala hakukimbia. Alimketisha mtoto, akamwinamisha mbele kidogo, akamwambia: “Mwanangu, jibane pua wewe mwenyewe, hivi, uhemee mdomoni.” Kisha akatazama saa ya ukutani. Alipokwisha kumpima akatugeukia: “Mwalimu, mlimlaza chali?” Tukakubali. Akamwambia mama: “Mama, hakuna sumu. Damu iliyotoka tumboni ni damu yake mwenyewe ya puani. Alipolala chali ilishuka kooni, akaimeza. Tumbo halipendi damu, ndiyo sababu limeirudisha. Ni nyeusi kwa kuwa imekaa tumboni.”

Siku ile tuliona haya mara mbili: kwa ajili ya mtoto, na kwa ajili ya bibi yule wa karanga, ambaye kosa letu la dakika chache lilikuwa karibu kumharibia jina katika uzee wake. Basi, wasomaji wapenzi, tumeona vema kuwaandikia yale tuliyojifunza tangu hapo kwa kuwauliza waganga na kusoma vitabu vyao. Yote yaweza kufupishwa katika maneno mawili: kwanza ibaneni pua kwa subira, pili, damu ikikoma, ulizeni kwa nini ilitoka.

Damu hutoka mahali gani?

Pua si tundu la kupitishia hewa tu. Hewa ikiingia baridi, pua huipasha moto. Ikiingia kavu, pua huilowanisha. Ikiingia na vumbi, pua hulinasa katika unyevu wake. Kazi hiyo yahitaji damu nyingi, na kwa hiyo mishipa ya puani imelala juujuu, chini ya utando mwembamba tu.

Pana mahali pamoja palipo dhaifu kuliko pengine pote. Ni nyuma kidogo ya ncha ya pua, juu ya ukuta unaotenga tundu la kuume na tundu la kushoto. Hapo mishipa midogo minne au mitano hukutana na kufumana kama nyuzi za wavu. Mwaka 1879 mganga mpasuaji wa New York, James Lawrence Little, aliandika habari za mahali hapo, na mwaka 1884 Mjerumani Wilhelm Kiesselbach akaandika vilevile. Hata leo vitabu vya uganga hupaita kwa majina yao. Katika watu kumi watokao damu puani, karibu tisa damu yao hutoka hapo. Ndiyo sababu kubana pua kwafaa: vidole viwili vyatosha kuifikia mishipa ile na kuizuia.

Huyo wa kumi hali yake ni nyingine. Damu yake hutoka nyuma, ndani sana, penye mishipa minene zaidi ambapo vidole havifiki. Mara nyingi ni mtu mzima au mzee. Damu yake hushuka kooni hata akiwa ameketi na kuinama, au hutoka katika tundu zote mbili pamoja, na kubana hakuizuii. Mtu kama huyo asingojewe nyumbani.

Msiogope kupita kiasi. Wataalamu hukadiria kwamba watu sita katika kumi hutoka damu puani walau mara moja katika maisha yao, na walio wengi hawahitaji hospitali. Huwapata hasa watoto wa miaka 2 hata 10, na tena watu waliopita miaka 50. Damu kidogo ikienea juu ya shati jeupe huonekana kama ya mbuzi aliyechinjwa, kumbe ni vijiko viwili vitatu tu. Lakini msidharau pia. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Mtoto wa kilo 20 ana lita moja na nusu tu. Kiasi ambacho baba angekipoteza bila hatari kubwa chaweza kumlegeza mtoto kabisa.

Mambo ya kufanya

Kwanza, mketisheni mgonjwa wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, kama mtu asomaye kitabu kilicho juu ya magoti. Mpeni beseni au kitambaa. Damu iliyoingia kinywani aiteme, asiimeze. Msemeni kwa sauti ya upole, kwa maana hofu huufanya moyo upige kwa nguvu.

Pili, abane pua kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Tazameni vema mahali pa kubana: si juu penye mfupa, bali chini penye nyama laini, pande zote mbili pamoja, mpaka hewa isipite. Watu wengi hubana mfupa, nao huchoka bure. Ahemee mdomoni.

Tatu, abane muda wa dakika 10 hata 15 pasipo kuachia hata mara moja. Hapo ndipo watu wengi hushindwa. Damu ina njia yake ya kujiziba: chembe ndogo sana ziitwazo plaketi hushikamana penye jeraha, kisha nyuzi nyembamba hufumwa juu yake, kikawa kizibo. Kazi hiyo yataka muda. Ukifungua baada ya dakika mbili ili kuchungulia, umeking'oa kizibo kabla hakijawa imara, na kazi yote yaanza upya. Haraka haraka haina baraka. Simu ya mkononi ina saa. Asiye nayo ahesabu polepole kutoka moja hata mia, mara kumi.

Nne, ikiwa baada ya muda huo damu yatoka tena, abane mara ya pili kwa dakika nyingine 15. Ikiwa dakika 30 zimepita na damu haijakoma, mpelekeni hospitali, naye aendelee kubana njiani, akiwa ameketi, kichwa kikielekea mbele.

Tano, damu ikikoma, mgonjwa apumzike. Asipenge kamasi wala kutia kidole puani kwa siku kadhaa. Asibebe mizigo mizito, asicheze mpira, asinywe vitu vya moto sana siku ile. Akipiga chafya, aifungue midomo ili nguvu ya hewa ipite huko. Na wazazi wasishangae kesho yake wakiona choo cheusi, ikiwa mtoto alimeza damu.

Desturi zituponzazo

Kumlaza mtu chali hakuzuii damu, huificha tu. Yule aliyelala haonyeshi damu puani, nasi twadhani imekoma, kumbe yashuka tumboni. Tena mbaya zaidi: mtu aliyelegea au aliyezimia akilazwa chali, damu yaweza kuingia katika njia ya pumzi ikamsonga. Yule asiyeweza kuketi alazwe ubavu, mdomo ukielekea chini ili damu itoke nje.

Wengine hutia pamba, kitambaa au majani yaliyopondwa. Pamba hukauka na kushikamana na kidonda. Ukiivuta, umekifungua tena. Majani na vumbi huingiza uchafu penye mshipa ulio wazi. Maji ya baridi kichwani hayadhuru, lakini msiyatumainie: hayawezi kushika mahali pa vidole viwili.

Damu imekoma: sasa ulizeni

Mwuguzi wetu, alipokwisha kuizuia damu, hakuturuhusu kwenda. Alimwuliza mama maswali mengi, nasi tulidhani anapoteza wakati. Damu ilianzia tundu gani? Ilianza saa ngapi? Ni mara ya ngapi mwezi huu? Mtoto alianguka, au alipigwa? Ana homa? Akijikata, damu hukawia kukoma? Kwa baba au kwa wajomba yuko mtu mwenye ugonjwa wa kutoka damu? Ametumia dawa gani? Kisha akamtazama macho, ufizi na ngozi, akampima joto na mapigo ya moyo, akamulika ndani ya pua kwa taa. Akaona kigaga kidogo na alama za ukucha. Mtoto alikuwa na mafua, hewa ni kavu, naye alikuwa akijichokoa pua usiku. Hiyo ndiyo “sumu” yote.

Katika watoto wengi sababu ni hiyo: ukavu, vumbi, mafua, na kidole. Lakini ziko sababu nyingine ambazo hufichwa na damu ileile moja.

Mtoto mdogo atokaye uchafu wenye harufu mbaya katika tundu moja tu, pengine na damu, huenda ametia puani haragwe, punje ya mahindi au kipande cha karatasi. Msijaribu kukitoa kwa kijiti, mtakisukuma ndani. Kijana wa kiume wa miaka 10 hata 20 ambaye tundu moja limeziba na kutoka damu mara kwa mara, apelekwe kwa daktari wa pua na masikio, kwa maana uko uvimbe wenye mishipa mingi ya damu upendao vijana wa umri huo, nao hauguswi ovyo.

Mtoto mwenye homa atokaye damu puani, msiseme ni joto la homa tu. Shirika la Afya Ulimwenguni huhesabu kutoka damu puani kusikokoma au kurudiarudia miongoni mwa alama za malaria kali. Mtoto huyo apimwe damu siku ileile. Mtoto aliyepauka, mwenye madoa mekundu au ya zambarau katika ngozi asipopigwa, mwenye homa za mara kwa mara, huenda damu yake yenyewe ni mgonjwa. Na ziko jamaa ambazo wavulana wao hutoka damu nyingi kwa jeraha dogo, wakitahiriwa au wakiota meno; ugonjwa huo waitwa hemofilia, nao hutoka kwa mama bila mama mwenyewe kuugua. Hakuna aliyewaroga. Ni urithi wa mwili, kama urefu au rangi ya macho, na wagonjwa hao wana dawa yao hospitalini.

Kwa watu wazima, ulizeni kwanza habari za dawa. Twamjua mzee mmoja wa mtaa wetu ambaye daktari alimpa dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu ya ugonjwa wa mguu. Magoti yalipomwuma, akajinunulia aspirini sokoni, akaimeza asubuhi na jioni, asimwambie mtu. Usiku mmoja damu ikaanza. Wanawe walisema: “Baba, ni damu ya pua tu, itakoma.” Wakangoja mapambazuko. Alipofikishwa hospitali alikuwa baridi, mwenye jasho, mapigo ya moyo yakienda mbio, naye haijui siku. Alipona kwa damu waliyotoa wana wake wawili. Maneno yale “ni damu ya pua tu” karibu yawaachie yatima.

Aspirini hupunguza nguvu ya zile plaketi za kuziba jeraha, na dawa nyingine za maumivu, kama ibuprofeni, hufanya vivyo hivyo kwa kadiri yake. Atokaye damu puani asimeze dawa hizo pasipo kuuliza. Lakini aliyepewa na daktari dawa ya moyo au ya mishipa asiiache kwa hiari yake; amrudie daktari, huyo ndiye atakayeamua. Ugoro na pombe nyingi pia huwaharibia wazee pua. Tena watu husema kwamba damu ya puani ni “presha inayojitoa.” Neno hilo si sahihi. Presha ya damu iliyopanda huifanya damu iwe ngumu kuzuia, lakini kutoka damu hakuiponyi. Hofu nayo huipandisha presha. Kwa hiyo mgonjwa apimwe, kisha apimwe tena siku nyingine akiwa ametulia.

Wapi mstari wa hatari?

Msingoje nyumbani mkiona moja la mambo haya: damu haikukoma baada ya dakika 30 za kubana vema, damu ni nyingi tangu mwanzo au yashuka kooni bila kukoma, mgonjwa amepauka, ana kizunguzungu, jasho la baridi au pumzi za haraka, alianguka au aligongwa kichwani, hasa ikiwa maji meupe yatoka puani pamoja na damu, ana homa, au damu yatoka pia katika ufizi, mkojo au choo, aumwa na nyoka, atumia dawa za kuzuia damu isigande, ni mtoto asiyetimiza miaka miwili, au damu yarudi mara kwa mara katika juma moja.

Kule hospitali msishangae mkiona hawaanzii puani. Mganga hutazama kwanza kama mgonjwa apumua vema, kama mapigo yake ni ya haraka, kama ngozi ni baridi. Mapigo huenda mbio kabla presha haijashuka, na mganga mwenye busara hangoji presha ishuke ndipo atie sindano ya maji mshipani. Damu kidogo huchukuliwa ili wajue nguvu yake, kundi lake, na kama ina malaria.

Kisha mgonjwa huambiwa apenge taratibu ili mabonge yatoke, hunyunyiziwa dawa ya kubana mishipa, na hubanwa pua tena. Mshipa ukionekana, huchomwa kwa kijiti chenye nitrati ya fedha, upande mmoja tu wa ule ukuta. Kuchoma pande zote mbili pamoja kwaweza kuutoboa. Hayo yasipofaa, pua hujazwa utambi wa kitambaa safi chenye mafuta, au sponji iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Damu ya nyuma huzuiwa kwa mpira mwembamba wenye puto mwishoni, upitishwao puani na kujazwa maji ndani. Mgonjwa wa namna hii hulazwa. Utambi haukai daima: kwa kawaida huondolewa baada ya siku moja hata tatu. Asiuvute mwenyewe nyumbani, wala asitoroke nao kwa kuogopa deni la hospitali, kwa maana utambi uliosahauliwa huoza na kuleta ugonjwa mwingine.

Damu ya mwenzetu na mikono yetu

Upendo hutuharakisha kumshika aliye katika damu. Ni vizuri, lakini upendo uwe na akili. Damu huchukua virusi vya Ukimwi na vya homa ya manjano ya ini. Basi mkono ulio bora wa kubana pua ni mkono wa mgonjwa mwenyewe. Hata mtoto wa miaka sita hufundishika. Asipoweza, vaeni mipira ya mikono, au mfuko safi wa plastiki usio na tundu. Osheni mikono kwa sabuni. Damu iliyomwagika funikeni kwa kitambaa, mwageni maji ya klori juu yake, kisha ndipo mfute.

Nchi yetu ina ukumbusho mzito juu ya jambo hili. Mwaka 1976, huko Yambuku, katika hospitali ya misioni, ugonjwa wa Ebola ulijulikana mara ya kwanza nchini. Kati ya watu 318 walioupata walikufa 280, na kati ya watumishi 17 wa hospitali ile walikufa 11, masista wauguzi wakiwa miongoni mwao. Kivu ya Kaskazini na Ituri zilionja msiba huo tangu mwaka 2018 hata 2020: wagonjwa 3,470, na waliokufa 2,287. Twayakumbusha haya si kwa kuwatisha. Kutoka damu puani peke yake si Ebola, na wagonjwa wengi wa Ebola huanza kwa homa, uchovu, kutapika na kuhara, bila kutoka damu. Lakini penye tangazo la ugonjwa huo, mtu mwenye homa akitoka damu, asiguswe na jamaa. Ajibane mwenyewe, akae peke yake mahali penye hewa, na watu wa afya waitwe upesi.

Kinga ya kila siku

Kinga si ghali. Wakati wa kiangazi, pakeni vaselini kidogo kwa ncha ya kidole safi mlangoni mwa pua ya mtoto, asubuhi na jioni. Kateni kucha zake. Mfundisheni kupenga kamasi taratibu, tundu moja baada ya jingine. Nyunyizeni maji sakafuni kabla ya kufagia darasa au nyumba, ili vumbi lisipande. Jiko la makaa lisikae ndani ya chumba cha kulala: moshi wake huikausha pua, na hewa yake yenye sumu huwaua watu usingizini.

Nanyi walimu wenzetu, fundisheni jambo hili darasani kabla halijatokea. Sisi sasa, kila mwanzo wa kiangazi, twawaketisha wanafunzi wote, wainame mbele, wabane pua, wahemee mdomoni, tukitazama saa. Dakika ya kwanza hucheka. Dakika ya tano hunung'unika. Dakika ya kumi wamekwisha kufahamu urefu wake, na hilo ndilo somo lenyewe.

Mwaka uliofuata, mtoto yuleyule alitoka damu tena, katika uwanja wa mpira. Tulipofika mbio tulimkuta ameketi juu ya jiwe, ameinama, vidole viwili puani. Rafiki yake alikuwa mbele yake akihesabu kwa sauti. Alikuwa amefika mia ya nane. Bibi wa karanga alikuwa amesimama karibu nao akishika kopo la maji. Alitutazama, akasema: “Mwalimu, ngoja kwanza. Bado mia mbili.” Tukangoja.